Barua kwa mpwa wangu: kwa nini sikukutolea gari usiku ule

Mpwa wangu,

Najua bado umenikasirikia. Ujumbe ulionitumia Jumapili niliusoma, na sikuujibu kwa sababu jibu lake lilikuwa refu kuliko simu. Ninaliandika hapa hadharani, bila jina lako wala jina la mji, kwa kuwa jambo hili si lako peke yako. Wapo vijana wetu wengi hapa New Jersey wanaotoka kwenye harusi na vikao vya mahari usiku wakiwa wamekunywa, kisha wanashika usukani. Na wapo wajomba, mashangazi na marafiki wanaoamshwa na simu ya polisi waende kuwachukua. Barua hii ni yao pia.

Polisi walikukamata ukiendesha umelewa, wakalivuta gari lako, nami nikaja kukuchukua kituoni. Unasema sheria iliniruhusu kukutolea gari usiku uleule, nami nikakataa. Ni kweli, iliniruhusu. Nilikataa kwa kujua ninachofanya, na ukinirudisha pale kituoni leo nitakataa tena.

Hapa kwetu, mtu akikamatwa kwa kuendesha akiwa amelewa, gari lake huvutwa na kuzuiliwa masaa 12 tangu alipokamatwa. Mwenye gari akiwa ndiye aliyekamatwa, anaweza kumruhusu mtu mwingine alichukue mapema, mradi mtu huyo awe na leseni halali, awe na haki ya kuliendesha gari hilo, aonyeshe bima, na awe mzima wa kuendesha. Hayo uliyasoma kwenye simu yako tukiwa pale nje, ukanionyesha. Lakini uliniambia pia unachokitaka: nilitoe, nilifikishe mlangoni pako, nikuachie ufunguo, maana kazi unaanza asubuhi. Hapo ndipo niliposema hapana.

Sheria hiyo ina jina la mtu. Inaitwa Sheria ya John. John Elliott alikuwa afisa kijana wa jeshi la wanamaji la Marekani, mwenyeji wa huku huku New Jersey, aliyehitimu chuo cha wanamaji cha Annapolis mwaka 2000. Usiku wa tarehe 22 Julai mwaka huohuo alikuwa njiani kwenda nyumbani kwao, yeye na mpenzi wake, kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mama yake. Katika kaunti ya Salem, kusini mwa jimbo, gari lililoendeshwa na mlevi liliwagonga. John akafa. Mpenzi wake aliumia akapona. Yule dereva mwingine naye akafa.

Sasa sikiliza sehemu inayotuhusu mimi na wewe. Dereva yule alikuwa ameshakamatwa usiku uleule. Polisi walimsimamisha, wakampima, wakakuta pombe zaidi ya mara mbili ya kiwango cha wakati ule. Wakampeleka kituoni, wakafanya kazi yao yote, kisha wakampigia rafiki yake aje amchukue. Rafiki akaja. Akamchukua, na badala ya kumpeleka nyumbani akamrudisha kwenye gari lake.

Rafiki huyo alishtakiwa mahakamani, na hakupatikana na hatia. Wazazi wa John hawakutaka jambo liishie mahakamani. Walihangaika na wabunge wa jimbo, na mwaka 2001 sheria ikapita. Inaagiza polisi wazuie gari kwa masaa 12, na inaagiza kwamba yeyote anayekuja kumchukua mtu aliyekamatwa apewe onyo la maandishi: akimruhusu aendeshe tena akiwa bado amelewa, naye anaweza kuwajibishwa. Wazazi haohao wakaanzisha kampeni ya kuwahimiza watu wateue dereva asiyekunywa kila wanapotoka, na inaendelea hadi leo.

Ile karatasi uliyoniona nikiisoma kwa muda mrefu pale dirishani, hadi ukaniambia nifanye haraka, ndiyo hiyo. Niliisoma neno kwa neno kabla sijaweka sahihi. Nikikuchukua wewe, nimekubali kwamba usiku ule dhamana yako iko mikononi mwangu. Ningewezaje kutia sahihi hapo, halafu nikakupe ufunguo?

Uliniambia, "Mjomba, mimi niko sawa sasa." Nakuamini kwamba ulijiona sawa. Ulikuwa unatembea vizuri, unaongea vizuri, umekunywa maji ya baridi, umekunywa na kahawa ya mashine. Lakini pombe haitoki mwilini kwa maji wala kwa kahawa. Ini ndilo linaloivunja, kwa mwendo wake lenyewe, na kwa watu wengi kiwango cha pombe kwenye damu hushuka kama asilimia 0.015 kwa kila saa. Wewe ulipopuliza mashine mnamo saa nane za usiku ilisoma 0.16. Kikomo ni 0.08. Gawanya mwenyewe: ili ufike sifuri ulihitaji karibu masaa 11. Nilipokutoa pale saa kumi alfajiri ulikuwa bado juu ya 0.12, yaani ungesimamishwa barabarani ungekamatwa upya kwa kosa lilelile. Ulikamatwa saa saba usiku, na gari lako lingeweza kutoka saa saba mchana. Ukiweka hesabu hizo mbili pamoja utaona kwamba waliotunga sheria hawakuchagua masaa 12 ili kukutesa. Huo ndio muda ambao mtu wa kipimo chako anahitaji ili awe mzima kweli.

Hilo nimelimaliza. Sasa nije kwenye gari lenyewe, kwa sababu leo ni Jumanne na bado liko yadi ya magari yaliyovutwa, na kila siku inayopita unaongezewa ada ya kuhifadhi. Hasira yako kwangu isikugharimu pesa.

Kwanza, usianze na yadi. Wengi huenda yadi moja kwa moja, wanapanga foleni, wanafika dirishani wanaambiwa warudi kituoni. Anza na kituo kilichokukamata, uombe karatasi ya kuachilia gari. Nenda na leseni yako, kadi ya usajili wa gari na kadi ya bima. Najua kadi ya usajili umeiacha ndani ya gari, kwenye kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria. Kama sote tunavyofanya. Waeleze. Ama watakubali uingie uitoe, ama watakuelekeza upate nakala kwa idara ya magari ya jimbo. Bima angalia tarehe. Kama iliisha wiki iliyopita, gari halitoki, hata ulie.

Gari hilo limeandikwa jina lako, hivyo una nafuu. Kuna ndugu zetu wanaoendesha magari yaliyoandikwa majina ya wengine: binamu aliyehamia Texas, au rafiki aliyewasaidia kununua kabla hawajapata karatasi zao. Siku gari likivutwa ndipo hujulikana nani ni mwenye mali. Aliyeandikwa ndiye anayetakiwa afike mwenyewe, au atume barua iliyothibitishwa na mthibitishaji wa sahihi pamoja na nakala ya kitambulisho chake, na wakati anaitafuta barua hiyo ada inapanda. Ninayemgusa hapa anajijua. Tafadhali lishughulikie kabla ya siku hiyo.

Kisha yadi. Piga simu kabla ya kwenda, uulize mambo matatu: wanafungua saa ngapi, deni limefika kiasi gani hadi leo, na wanapokea malipo ya namna gani, maana wengine hawataki kadi. Uliza pia jumla ya kesho, ili usifike ukapungukiwa. Miji mingi imepanga viwango vya kuvuta na kuhifadhi magari yanayovutwa kwa amri ya polisi, kwa hiyo una haki ya kuomba orodha ya viwango hivyo na risiti iliyochanganuliwa: kuvuta kiasi fulani, kuhifadhi siku kadhaa kiasi fulani. Ukiona ada usiyoielewa, uliza kwa upole iandikwe ni ya nini. Lipa kwanza, chukua gari, halafu ubishane kwa maandishi. Wapo wanaobisha dirishani na kurudi nyumbani bila gari, huku kila siku ya ubishi ikiongezwa kwenye deni. Mwisho deni linapita thamani ya gari.

Kabla hujaliondoa, lizunguke. Piga picha pande zote nne, bampa, rimu, taa, na ndani. Angalia kiti cha mtoto kipo. Mkeo ameniambia kwamba wasiwasi wake mkubwa ni kiti hicho, pamoja na dawa ya pumu ya mtoto iliyokuwa kwenye mkoba wa nyuma. Laiti ungenieleza habari ya dawa usiku ule! Hata leo, kama pesa ya gari bado hujaipata yote, nenda uwaombe wakuruhusu utoe vitu vya mtoto. Gari linaweza kusubiri siku moja zaidi, dawa haiwezi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau wakishapata gari: tarehe ya mahakama. Imeandikwa kwenye ile tiketi uliyopewa na polisi. Hapa New Jersey kosa hili linahesabiwa kuwa kosa la barabarani, halimo kwenye jinai, na kesi husikilizwa na hakimu wa mahakama ya mji bila baraza la wazee wa mahakama (juri). Watu wakisikia hivyo hulegea, wakadhani ni kama tiketi ya kupita taa nyekundu. Mpwa wangu, sivyo. Kuna faini. Kuna darasa la madereva walevi, la masaa 12 hadi 48. Kuna malipo ya dola 1,000 kwa mwaka kwa idara ya magari, kwa miaka mitatu mfululizo, mbali na bima itakavyopanda. Kuna kifaa kitakachofungwa kwenye gari lako, ukipuliza kikanusa pombe gari haliwaki. Na kwa kipimo cha 0.15 kwenda juu, leseni yenyewe husimamishwa kwa miezi, mbali na kifaa hicho. Hakimu ana uwezo pia wa kumfunga mtu hadi siku 30, hata kwa kosa la kwanza.

Na wewe uko hapa kwa viza ya kazi. Ubalozi unaweza kuifuta viza kwa sababu ya kukamatwa tu, hata kabla ya mahakama kusema lolote. Viza kufutwa hakumaanishi ufungashe virago kesho, lakini ukitoka nje ya nchi utahitaji mpya kabla ya kurudi, na utapimwa na daktari wao. Ulikuwa umepanga kwenda Mombasa Desemba. Usikate tiketi ya ndege kabla hujakaa na wakili wa uhamiaji. Na yule wa kesi ya barabarani awe anajua kwamba wewe si raia, maana asipojua anaweza kukushauri jambo linalokufaa mahakamani likakuharibia kwingine.

Mama yako sijamwambia. Ni dada yangu, na kumficha kitu ni mzigo kwangu, lakini nimeona haya ni yako kuyasema. Mpigie wewe. Atalia, atakugombeza, halafu atakuombea dua. Ni bora alisikie kwako kuliko kwenye kundi la familia, ambako tayari wapo wanaouliza kwa nini unakwenda kazini kwa basi.

Mimi sikudharau. Nimekupokea uwanja wa ndege wa Newark ulipokuja na sanduku moja, nimekuona ukifanya kazi mbili, nimekuona ukimlea mwanao kwa mikono yako mwenyewe. Mtu niliyemkuta kituoni usiku ule alikuwa wewe yuleyule, ila amelewa, na mtu aliyelewa hapewi ufunguo hata awe mwana wa dada yangu. Usiku ule barabarani kulikuwa na familia nyingine, nazo zina wana na wajomba.

Kesho natoka kazini saa tisa alasiri. Nitakuwa nje kwenu saa tisa na nusu. Chukua leseni, kadi ya bima, kitambulisho na ile tiketi. Mengine nimekwisha kuyauliza kituoni kwa simu. Pesa ikipungua nitaongeza, utanirudishia mwisho wa mwezi. Nitakufikisha kituoni kwanza, kisha yadi. Kurudi nyumbani utaendesha mwenyewe, kwa sababu leseni yako ni halali hadi hakimu aseme vingine.

Mjomba wako