Kipimo cha kisigino ni mwanzo tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongeze neno juu ya makala yenu kuhusu watoto wachanga wanaopimwa damu ya kisigino hapa Uingereza, kwa kawaida siku ya tano baada ya kuzaliwa. Mwandishi alieleza vyema jinsi kipimo hicho, kilichotokana na kazi ya Robert Guthrie wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, kinavyomkinga mtoto mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi, asidhurike ubongo. Msomaji, hata hivyo, aliachwa akidhani kwamba ugonjwa ukishagunduliwa, kazi ya maabara imekwisha.

Sisi wazazi tunajua kwamba hapo ndipo inapoanza. Mwili wa mtoto huyu hushindwa kuvunjavunja fenilalanini, asidi amino (kijenzi cha protini) iliyomo katika nyama, maziwa, maharage na hata ugali, kwa hiyo damu yake hupimwa maisha yote, na mwaka wa kwanza karibu kila wiki. Miongozo ya Ulaya inataka kiwango cha fenilalanini katika damu kiwe kati ya mikromoli 120 na 360 kwa lita hadi afikishe miaka 12.

Malalamiko yangu yanahusu namna tarakimu hiyo inavyosomwa. Ikipanda, swali la kwanza la kliniki huwa ni "amekula nini?", kana kwamba mama amemfichia mtoto mnofu chunguni. Homa peke yake huipandisha, kwa sababu mwili unaougua huvunja protini ya misuli yake wenyewe. Saa nayo ina uzito wake, maana damu ya alfajiri kabla ya kula haifanani na ya jioni. Hata tone lenyewe la damu, tunalolidondosha kwenye kadi ya karatasi na kuituma maabara, hudanganya: likiwa dogo mno, jibu huelekea kushuka, na ukidondoshea la pili juu ya la kwanza kwenye duara lile lile la karatasi, jibu hupanda.

Ninachoomba ni kwamba kadi tunazotuma kwa posta ziwe na nafasi ya kuandika saa na hali ya mtoto, na majibu yarudi upesi yakiwa na tarakimu kamili. Jibu linalochelewa hueleza chakula kilichokwisha sahaulika. Kwa mwanamke mwenye ugonjwa huu aliye mjamzito, ambaye kiwango chake kikipita 360 humhatarisha mtoto aliye tumboni, ucheleweshaji huo hauna udhuru.

Wako,
Mzazi, Birmingham