Tusiishie kwenye maji moto ya Oita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili niongeze neno kwenye makala mliyoichapisha wiki iliyopita kuhusu mkoa wa Oita, ulioko kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Kyushu nchini Japani. Mwandishi wenu aliueleza vizuri mji wa Beppu na mvuke wake unaofuka mitaani, na ni kweli kwamba hakuna mkoa wa Japani wenye chemchemi nyingi za maji moto kuliko huo. Hata umeme wanauzalisha kwa joto hilo la ardhini, katika kituo cha Hatchobaru chenye uwezo wa megawati 110. Lakini aliposema kwamba kampeni ya "kijiji kimoja, bidhaa moja", yaani kila kijiji kikuze bidhaa yake ya kuuza, ilibuniwa na Gavana Morihiko Hiramatsu mwaka 1979, aliianza hadithi katikati, na sehemu aliyoiruka ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaokula machungwa ya Muheza hapa Dar es Salaam bila kumjua aliyeyapanda.

Miaka 18 kabla ya kampeni hiyo, mwaka 1961, wakulima wa Oyama, kijiji kilichobanwa na milima ndani ya mkoa huo, walikataa kuendelea kuhangaika na mpunga kwenye vishamba vya mteremko, wakati Serikali ya nchi yao ikiuhimiza mpunga kila mahali. Walipanda miti ya ume, jamii ya plamu ambayo matunda yake hutiwa chumvi na kuanikwa kama tufanyavyo embe za achari, pamoja na miti ya kuri, yenye kokwa tamu ndani ya ganda la miiba. Kaulimbiu yao ilikuwa tupande ume na kuri twende Hawaii. Wapo waliocheka, nadhani, kwa maana mkulima wa mlimani na safari ya Hawaii ni vitu viwili visivyokaa chungu kimoja, lakini baadaye walisafiri kweli. Hiramatsu alipopata ugavana aliikuta Oyama ikiwa hai, akaiona, akawaambia wengine wajifunze kwake.

Sitaki kumpunguzia sifa gavana huyo, aliyeongoza hadi mwaka 2003. Aliweka msimamo ambao viongozi wachache wangeuthubutu, kwamba mkoa hautagawa ruzuku kwa vijiji ili vianzishe bidhaa zao. Utatoa utaalamu, utafiti na mafunzo, na utasaidia kutafuta soko. Yeye mwenyewe aligeuka mchuuzi wa mkoa wake huko Tokyo, akizinadi ndimu za kijani ziitwazo kabosu, ambazo kwa zaidi ya asilimia 90 hutoka Oita, na uyoga mkavu wa shiitake ambao mkoa huo unaongoza kwa kuuzalisha nchini Japani. Thailand iliichukua kampeni hiyo mwaka 2001 na Malawi mwaka 2003.

Hata hivyo, mfano unaonigusa zaidi ni wa wavuvi wa Saganoseki, katika mkoa huo huo wa Oita. Katika mlangobahari wenye mkondo mkali wanavua vibua na kolekole wa aina yao kwa mshipi, mmoja mmoja, bila nyavu, ili samaki asichubuke. Wakirudi bandarini samaki hawapandishwi kwenye mizani. Mtu wa chama cha ushirika cha wavuvi huwatazama wakiogelea, akakadiria uzito kwa macho, na mvuvi hulipwa kwa makadirio hayo, kwa sababu samaki akishikwashikwa nyama yake huharibika. Samaki hao huuzwa kwa jina la mahali walipovuliwa, Seki, na bei yao ni ya juu mno kuliko ya vibua wa kawaida.

Nilifanya kazi za ushirika kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nilipojifunza habari hiyo nilijicheka, maana kukadiria kwa macho tunako hata sisi. Mnunuzi kutoka mjini huingia shambani, akatazama machungwa yakiwa bado mtini, akataja bei ya mti mzima. Na yakishachumwa hushindiliwa katika gunia la lumbesa ambalo shingo yake inakaribia kulingana na kiwiliwili. Tofauti ni kwamba jicho la Saganoseki ni la chama cha wavuvi wenyewe, na jicho la kwetu ni la anayenunua. Nimeshuhudia pia kikundi kimoja cha akina mama, katika wilaya ambayo sitaitaja, kikiletewa mashine ya kukamulia matunda bila kuulizwa kama kinaitaka. Umeme wa njia tatu haukuwapo, chupa hazikuwapo, na mara ya mwisho nilipopita pale kuku walikuwa wakitagia chini yake.

Nakiri kwamba Oita nayo haikupona kila ugonjwa. Idadi ya watu wake, takriban milioni 1.1, inaendelea kupungua, karibu theluthi yao wamevuka umri wa miaka 65, na Oyama yenyewe iliunganishwa na mji wa Hita mwaka 2005. Ume na kuri havikuwazuia vijana kuhamia mijini. Viliwawezesha waliobaki kuishi vizuri zaidi, jambo ambalo kwa maoni yangu si dogo, ingawa wanaoinadi kampeni hiyo katika semina zetu hawapendi kulitenganisha na lile la kuwazuia vijana wasihame.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kabla ya kumpeleka tena mwandishi wenu kwenye maji moto, naomba mumtume Muheza msimu wa machungwa utakapoanza, akae shambani siku ya mavuno, na atuandikie ni nani anayekadiria na kwa niaba ya nani.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam