Mkate wa zabibu wa hamira

Mwanangu,

Marahaba. Huku Nyegezi hatujambo.

Umeniandikia kwamba mkate wako wa zabibu uliungua juu, na ndani ukabaki tepetepe kuzunguka kila zabibu. Usiilaumu hamira. Zabibu ziliingia na maji. Ukizitia kavu kama zilivyotoka dukani, nazo zinanyonya maji ya donge, na kesho yake mkate ni mgumu. Loweka gramu 200 usiku kucha kwenye chai ya rangi, nzito na ya moto. Asubuhi zichuje, uzitandaze kwenye kitambaa safi hadi ukizibana kwa vidole zisiache unyevu. Hapo kwenye kukausha ndipo wengi wanaporuka.

Ukitaka kuongeza nanasi la Geita, usilitie likiwa halijapikwa. Lina vimeng'enya vinavyokata protini ya ngano, ile inayovutika na kushika hewa. Kila ukikanda donge linazidi kulegea, na kuongeza unga hakusaidii kitu. Likate vipande vidogo, lichemshe na sukari kidogo mpaka maji yakauke, liache lipoe. Joto linaviua vimeng'enya hivyo. Papai nalo ni hivyo hivyo. Machungwa ya hapo Ukerewe hayana shida: kwaruza ngozi ya juu tu, maana ile nyeupe ya ndani ni chungu.

Kwa nusu kilo ya unga wa ngano weka hamira ya chenga gramu 7, chumvi gramu 8, sukari gramu 60, siagi gramu 60, yai moja na maziwa mililita 220. Usizidishe sukari ukidhani utamu utaongezeka. Sukari nyingi inainyima hamira maji, inaumua kwa kusuasua. Mdalasini pia ukizidi unaizuia, kwa hiyo nusu kijiko cha chai, na iliki kiasi upendacho. Maziwa yachemshe, yapoe yawe vuguvugu. Yakikuchoma kidole, yataiua hamira.

Kanda dakika 10 bila siagi, kisha itie kidogo kidogo ukande tena 5. Donge litanata. Vumilia, paka mikono mafuta, usiongeze unga. Funika hadi lijae mara mbili. Kwa joto la huku saa moja hadi moja na nusu inatosha, lakini angalia donge, si saa. Hapo ndipo matunda yanapoingia: libonyeze lilale bapa, tandaza, kunja mara tatu. Ukiyatia mapema yanapasuka wakati wa kukanda na kuliloanisha.

Gawa kwenye bati mbili ndogo zilizopakwa mafuta, acha liumuke tena kama dakika 45. Zabibu zilizochungulia juu zisukumie ndani, hizo ndizo zinazoungua na kutia uchungu. Bonyeza donge kwa kidole. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole, oka. Lisiporudi kabisa, limepitiliza. Likande kidogo, uliumue upya kwa muda mfupi zaidi.

Sasa moto, ambao nadhani ndio uliokuharibia juu. Mkate wenye maziwa na sukari unapata rangi kabla haujaiva ndani. Kwenye oveni ni nyuzi 180, dakika 35 hivi. Ukiona umeshakuwa wa kahawia dakika ya 20, ufunike kwa karatasi ya foili. Kwa jiko la mkaa, tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria pana, uwashe moto dakika 10 kabla ya kuweka bati. Mkaa mwingi ukae juu ya mfuniko, chini uwe mchache, kwa sababu mchanga tayari unashika joto. Usifunue kabla ya dakika 20.

Ukiutoa kwenye bati ugonge chini: sauti ya uwazi maana yake umeiva. Sauti nzito, urudishe dakika 5. Halafu uache saa nzima kabla ya kukata, hata watoto wakilia. Ndani bado unajipika, na kisu cha mapema kinaufanya ugandamane.

Ireland wanauita barmbrack, Wales bara brith. Siku hizi wengi huko wanatumia beking pauda badala ya hamira, wanapata keki zaidi kuliko mkate. Wewe baki na hamira. Ukifika siku ya tatu umekauka, kata vipande, ubanike kwenye makaa, upake siagi.

Wasalimie wote hapo Nansio.

Mama yako