Kwa rafiki anayejiandaa na usaili

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Naona mawili yamekukaba kwa pamoja: usaili wenyewe, na hofu kwamba hata ujiandae vipi, wenye uamuzi ni watu wengine. Hofu hiyo ina ukweli. Ndiyo maana naomba tuanze na lengo lako kabla hujafungua daftari.

Umeandika kwamba lengo lako ni kuipata kazi hii. Lengo hilo haliko mikononi mwako, na ukilibeba hivyo utajiona umeshindwa hata siku uliyofanya kila kitu sawasawa. Chukua karatasi, igawe safu tatu. Ya kwanza: ninayoyafanya mwenyewe. Ya pili: ninayoweza kuyasukuma kidogo tu. Ya tatu: nisiyo na mkono ndani yake. Kuipata kazi kunaingia safu ya pili. Idadi ya waombaji, bajeti ya ofisi na hali ya moyo ya msaili siku hiyo ni vya safu ya tatu.

Safu ya kwanza ndiyo inayokosewa zaidi, kwa hiyo pima kila mstari wake kwa swali hili: je, kesho saa mbili asubuhi naweza kulifanya hili bila mtu yeyote kukubali? "Kuwavutia wasaili" linaanguka. "Kujibu kwa sauti maswali 10 yanayoulizwa mara nyingi, kila jibu lisizidi dakika mbili" linapita. "Kulala vizuri usiku wa kuamkia usaili" nalo linaanguka, maana usingizi hauamrishwi. "Kuzima simu na kupanda kitandani saa nne usiku" linapita.

Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa huko Roma kabla ya kuwa mwalimu wa falsafa ya Wastoiko (wanafalsafa wa kale waliofundisha kushughulika na yaliyo mikononi mwetu na kuyakubali mengine), alichora mpaka huu kwa ukali zaidi. Upande wetu aliacha maoni, nia na matamanio. Mwili, mali, sifa na cheo akavitoa nje. Mwili pia! Unautunza, lakini homa ikija asubuhi ya usaili haibishi hodi. Basi afya iingie safu ya pili, na katika ya kwanza uandike tendo moja: kupata mapema namba ya simu ya ofisi hiyo, ili ikibidi uombe tarehe nyingine.

Lipo kosa la upande wa pili, nalo linaniuma zaidi kwa sababu linavaa sura ya imani. Mtu hajasoma lolote kuhusu ofisi anayoiomba kazi, kisha anasema, "Kama ni riziki yangu nitaipata." Huyo hajaridhika na majaliwa, amehamishia kazi yake mwenyewe kwenye safu ya tatu. Ajizi ni nyumba ya njaa. Ipitie safu hiyo mstari kwa mstari ukijiuliza kama kuna simu moja, ujumbe mmoja au saa moja ya kusoma inayoweza kuligusa jambo hilo. Ikiwapo, rudisha kipande hicho tu.

Matendo ukishayapata, yawekee kikomo. Juhudi isiyo na kikomo hugeuka wasiwasi uliovaa nguo za kazi: unausoma wasifu wako tena na tena na hubadilishi hata neno. Kwa usaili kama wako ningeweka jumla ya saa sita za maandalizi, zigawanywe katika siku nne, mazoezi mawili na mtu wa kukuuliza maswali, vyeti na nakala ndani ya bahasha jioni ya kuamkia siku yenyewe, na kufika dakika 20 kabla. Hapo funga. Ukigundua pengo la kweli siku ya tatu, ongeza tendo moja lenye jina. "Kusoma zaidi" si tendo.

Sasa utulivu. Usijiamrishe kutulia. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu waliambiwa wasimfikirie dubu mweupe. Dubu aliendelea kuwajia, na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, alizidi kuwajia kuliko waliopewa ruhusa tangu mwanzo. Kinachosaidia ni kuupa wasiwasi miadi, njia ambayo mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake waliieleza mwaka 1983. Chagua nusu saa, wakati uleule na mahali palepale kila siku. Wazo likikujia katikati ya kazi, liandike kwa maneno machache, liahirishe, rudi ulipokuwa. Miadi ikifika, keti na orodha yako, kila wazo ulipeleke safu yake. La kwanza lipe tendo na saa. La tatu lisome, ukubali kwamba ni zito, uliache hapo. Njia hii huharibiwa na miadi iliyowekwa karibu na kulala, na zaidi na miadi iliyorukwa: akili ikishajua kwamba "baadaye" haiji, haitakubali kuahirisha tena.

Kabla hujatoka chumba cha usaili, uliza majibu yatatoka lini. Kisha tazama barua pepe mara mbili kwa siku, na uendelee kuomba kazi kwingine, kwani hilo ni la safu ya kwanza hadi utakapotia saini. Tarehe waliyokupa ikipita kwa siku tatu za kazi, tuma ujumbe mmoja mfupi.

Wakikukatalia, itauma, na kuumia si dalili kwamba umeshindwa kukubali. Acha siku mbili zipite, halafu ujibu maswali mawili kwenye karatasi mbili: maandalizi yalikuwaje, na matokeo yalikuwaje? Ukiyachanganya, utaitupa njia nzuri kwa sababu ya bahati mbaya ya mara moja. La maandalizi lijibu kwa kutazama matendo uliyoyaandika, usitazame barua yao. Wakikuchukua, fanya vilevile, maana hata maandalizi mabovu huweza kubahatika.

Nitumie safu yako ya kwanza ukishaiandika. Mazoezi yale mawili, mimi nitakuwa msaili wako. Chagua jioni yoyote, nami nitakuja na maswali magumu.

Wako akupendaye,
Rafikiyo