Maji machafu yasirudi kwenye mabomba ya kunywa

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze hatari ambayo wenye nyumba wengi hawaitambui, nayo ni maji machafu kurudi nyuma na kuingia katika mabomba ya maji ya kunywa. Msukumo wa maji ukishuka ghafla, kwa mfano bomba kuu linapopasuka au wazimamoto wanapovuta maji mengi, mpira wa maji uliotumbukizwa ndani ya ndoo ya dawa ya kuulia wadudu unaweza kufyonza kilichomo na kukisambaza nyumba nzima, pengine hata kwa jirani.

Kinga ya uhakika zaidi haihitaji kifaa chochote: mdomo wa bomba uwe juu ya ukingo wa sinki au tangi kwa kimo kisichopungua mara 2 ya kipenyo chake, wala kisiwe chini ya milimita 25. Bomba la nje liwekewe vali inayoingiza hewa msukumo unaposhuka. Vali ya kawaida ya kuzuia maji yasirudi husaidia, lakini mchanga kidogo ukinasa humo huiacha wazi bila mwenye nyumba kujua. Nawasihi mafundi bomba wawaeleze wateja wao jambo hili.

Wako,
Msomaji