Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Jumuiya ya Watumia Maji

Ndugu wanachama,

Nawasalimu. Chanzo kimesafishwa mara mbili, miti imepandwa, uzio umerekebishwa, mlinzi amelipwa. Hayo mnayajua.

Nizungumzie lililozua maneno: kwa nini uchimbaji wa mtaro wa bomba ulisimama wiki 7, na shilingi 1,800,000 zikatumika kabla hatujanunua hata bomba moja. Nimesikia ikisemwa mwenyekiti ananunua maji ya kwenye kompyuta. Imeniuma, maana siku 4 nilizunguka juani na fundi, fimbo ya kupimia nimeishika mwenyewe, kutoka tangini hadi bondeni.

Tulisimama ili kwanza tuyajaribu mabomba yetu kwenye kompyuta. Ni kweli programu tuliyotumia, EPANET, inayokokotoa mwendo na presha ya maji ndani ya mabomba, ni ya bure. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilianza kuitoa mwaka 1993. Hela ilikwenda kwenye kupima mwinuko wa kila kituo cha kuchotea na kuhesabu kaya. Ukiiingizia kompyuta vipimo vya kubahatisha, itakupa majibu ya kubahatisha.

Mchoro wa zamani ulionyesha maji yatafika, basi. Fundi alipoyaendesha kwenye kompyuta saa hadi saa, siku nzima, tukaona mengine. Saa 12 asubuhi, watu wote wakichota, kituo cha mlimani kinakauka. Saa 8 usiku, koki zikiwa zimefungwa, presha ya bondeni inafika bar 13 (bar ni kipimo cha presha), kwa kuwa tangi liko mita 130 juu yake na kila mita 10 ni kama bar moja. Mabomba tuliyokusudia kununua yanahimili bar 10 tu. Yangepasuka sisi tumelala! Fundi akaweka tangi dogo la kupunguza presha katikati ya mteremko, akaongeza kipenyo cha bomba la juu, akaendesha upya: presha ikashuka, mlimani wakapata maji. Tulisahihisha kwenye skrini, bila kufukua kitu. Nikiulizwa leo, naamua vilevile.

Mchoro uliosahihishwa ulibandikwa ukutani kwenye mkutano wa Juni. Tulikuja watu 31, jumuiya ina kaya 412. Wanaonung'unika sikuwaona. Ada ya shilingi 12,000 wamelipa 167, jumla 2,004,000. Kaya 245 bado. Inasikitisha sana.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kulaza bomba, na ikiwezekana kuwafikiria jirani zetu wa ng'ambo ya korongo. Risiti zote ziko kwa mhazini; karibuni mzione.

Mwenyekiti