Omosh anakuja Nakuru

Kibuye, Kisumu

Nafula wangu,

Salamu nyingi kutoka ziwani. Sisi huku wazima, ila joto linataka kutumaliza, na Dani, nyanya yetu, anasema mguu umepoa kidogo. Huko kwako hamjambo? Baba Ian je? Haya, salamu zimetosha, nina shida.

Omosh wa dada yangu anakuja Nakuru. Ijumaa ya wiki ijayo kuna usiku wa vichekesho huko, ukumbi atakuambia mwenyewe, na amepewa dakika tano za kupanda jukwaani. Dakika tano, Nafula, na nauli ajilipie! Naomba alale kwako, hata kwenye kochi, Jumamosi arudi. Hasumbui, na akila anaosha vyombo, hilo nilimfunza mimi. Jambo moja tu: Dani anajua anakuja kutafuta atachimenti, yaani mafunzo ya kazi ofisini. Juzi amemtolea shati jeupe la marehemu babu, akalipiga pasi, eti ofisi za Nakuru zinataka mtu nadhifu. Akikupigia simu, wewe sema mambo ya ofisi huyajui.

Najua umeshacheka. Ni Papa Shirandula mtupu huyu, yule wa kipindi cha TV! Kutoka nyumbani na suti, Wilbroda akijivunia bwana wa ofisini, kumbe bwana akifika kazini anavaa yunifomu ya soja wa mlangoni.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika, maana ile hoja yetu ya Krismasi haikuisha. Ulisema, tena kwa hasira na paja la kuku mkononi, kwamba vichekesho vya Kenya ni lafudhi tu. Mluhya ni soja ama mpishi, Mjaluo ni majigambo, Mkikuyu ni pesa, basi, watu wanalipa kiingilio. Ukasema umechoka kuchekwa. Mimi nikanyamaza kwa sababu Mama Shiku alikuwepo, na Mama Shiku unamjua. Sasa ngoja nikujibu.

Simu yangu spika imekufa, tangu mvua ile ya mwezi wa nne. Kwa hivyo hapa kwenye kibanda changu cha viatu nikikosa wateja naangalia klipu za zamani bila sauti. Siku moja nikawa naangalia Shirandula hivyo hivyo, kimya, kelele ni za soko tu, na nikacheka peke yangu hadi jirani wa mitumba akaniuliza kama niko sawa. Lafudhi haikuwepo, Nafula! Kilichobaki ni lile tumbo, ile kofia, na yale macho ya mtu anayeogopa kugunduliwa. Bukeko, aliyemcheza, alikuwa akijua hofu ya mwanaume anayelinda heshima yake nyumbani kwa mshahara wa mlangoni. Lafudhi ilikuwa nguo tu, ukimvua bado yupo. Nakumbuka alipofariki, Julai 2020, korona imepamba moto, akazikwa haraka kwenu Busia. Ulinipigia simu ukilia. Mtu anayekucheka humlilii hivyo, ama?

Awinja wa kipindi hicho hicho pia. Wewe mwenyewe unampenda, usikatae. Kwenye karatasi ni yaya wa Kiluhya, yaani kile kile ulichosema kimekuchosha. Lakini mtazame Jacky Vike anavyomcheza: siri zote za ile nyumba anazo yeye, hana haraka, na mwenye nyumba ndiye anayebaki mdomo wazi. Anayechekwa pale si yaya. Mchekeshaji MCA Tricky hivyo hivyo, anavaa matambara ya chokoraa halafu anatusimulia sisi, tunaofunga vioo vya gari tukimwona.

Halafu Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi, mzee wa Kijaluo. Huyu ndiye wa kukumaliza. Baba alikuwa akimwita "ndugu yetu" kila Vitimbi ikianza, hasikii la mtu. Benson Wanjau, aliyemcheza, alipokufa 2015 ndipo tukaanza kumweleza kwamba ndugu yake alikuwa Mkikuyu. Na Mama Kayai, mkewe kwenye kipindi, yaani Mary Khavere, ni Mluhya wa kwenu. Mkikuyu na Mluhya wamekaa miaka na miaka katika boma la Wajaluo, na sisi wenye boma hatukuwafukuza! Kwa nini? Kwa sababu hawakuja kutuchungulia dirishani. Ule ubishi wa mzee asiyetaka kuonekana ameshindwa na mkewe, hata akiwa ameshindwa waziwazi, ulikuwa wa baba yangu kabisa, na nadhani ni wa baba yako.

Lile kundi la vichekesho la Redykyulass sitawagusa sana maana hapo hatukosani. Kumwigiza Moi, Moi mwenyewe akiwa bado Ikulu! Sisi tulikuwa tunacheka huku mama anakimbilia kufunga mlango. Nyambane wao, aliyekuwa Moi, angeweza kukosea sauti kidogo na bado tungecheka, kwa sababu nusu ya kicheko kile ilikuwa woga unaotoka mwilini. Siku hizi kila mtu anamwigiza rais kwenye simu, na hakuna anayefunga mlango. Ni vizuri, lakini sasa lazima mtu awe na kipaji kweli. (KJ wa kundi hilo naye aliingia bungeni 2017, na mchekeshaji mwingine, Jalang'o, 2022. Omosh akianza kutusalimia kwa mikono miwili tutajua ameelekea wapi.)

Sasa rudi kwa huyu mtoto wa dada yangu. Nafula, mazoezi yake ni mabaya. Nayasema mapema ili usishtuke. Anasimama mbele ya viatu vyangu na kuanza: Mluhya na kuku, Mluhya na chai, Mluhya na ugali. Ile uliyoisema Krismasi, yote, kwa mpangilio. Nilimtazama tu. Akaniambia, "Anti, watu hucheka hii." Ni kweli, hucheka, halafu wanaulizana nani anafuata.

Lakini kuna siku nilimpata akifanya kitu kingine. Hakujua niko. Alikuwa anawaonyesha vijana wenzake jinsi mama fulani anavyonunua viatu kwangu. Anakishika kiatu kwa vidole viwili, anakigeuza, anaingiza pua ndani. Anauliza bei. Akiambiwa, hasemi kitu, anacheka kidogo na kukirudisha, si pale alipokitoa bali juu ya vingine, kisipotee. Halafu anaondoka polepole, akingoja kuitwa. Asipoitwa anainama kufunga kamba, na amevaa sandali. Sikuweza kusimama! Na mama mwenyewe alikuwa nyuma yao na mfuko wa omena, akacheka hadi akakinunua, kwa bei yangu ile ile. Hakuna kabila humo, hakuna lafudhi, hata maneno ni machache.

Nilipomwambia aende na hiyo Nakuru alinijibu, "Hiyo si joke, anti, hayo ni maisha tu." Kijana wa miaka ishirini na moja.

Kwa hivyo ombi langu la pili, na ndilo kubwa. Alhamisi akifika, mpe chakula, halafu mwambie akufanyie zile dakika tano hapo sebuleni. Akianza ya Waluhya, wewe usicheke na usikasirike. Mtazame tu vile ulivyomtazama Jared siku ya ruracio, ile ya mahari. Mimi ni anti yake, ameshanizoea, lakini wewe ni Mluhya umeketi mbele yake na chai yake mkononi mwako. Halafu muulize kuhusu mama wa viatu. Usimwambie nimekuandikia.

Oh, na nauli ya kurudi nitakutumia kwa M-Pesa, usimpe kabla ya Jumamosi, nawajua hawa.

Sasa niambie: kochi lipo ama lilienda na yule shemeji? Utakuwepo Alhamisi jioni ama bado una zile zamu? Baba Ian atavumilia kelele? Matatu za Kericho zinawashusha wapi siku hizi, na mtu akifika saa moja usiku ni salama kutembea hadi kwako? Utaenda kumwona Ijumaa, hata ukae nyuma? Na wewe, ni nani anayekuchekesha siku hizi, maana Krismasi uliwakataa wote hukutaja hata mmoja?

Nijibu upesi, kabla Dani hajaanza kutafuta tai.

Wako,
Auma